Kozi ya historia ya ukocha mjini Kampala: tathmini ya somo la Jiří Sobotka

Kozi ya jioni ya historia ya ukocha inayotolewa kwa Kiswahili katika eneo la Old Kampala inastahili ada inayotozwa, na somo lake kuhusu Jiří Sobotka, mwanasoka wa Chekoslovakia aliyekuja kuwa kocha nchini Uswisi, ndilo bora kuliko yote niliyohudhuria hapo. Kozi nyingine tunazozijua sisi makocha wa timu za vijana hutufundisha kupanga koni, kupima pumzi za wachezaji na kujaza fomu za leseni, na hayo yote yana umuhimu wake. Hata hivyo, ni nadra kumpata mwalimu wa kukueleza kazi hii ilianzaje kuvuka mipaka, ni akina nani waliitangulia kuifanya ugenini, na kwa nini kocha mmoja hukaa mahali pamoja zaidi ya miaka kumi ilhali mwingine hufungashiwa virago kabla msimu haujaisha.

Kwa Waganda swali hilo lina uzito wake. Tangu mwaka 2008 timu yetu ya taifa, Cranes, imepitia mikononi mwa Bobby Williamson kutoka Scotland, Milutin Sredojević tunayemwita Micho kutoka Serbia, Sébastien Desabre kutoka Ufaransa, Johnny McKinstry kutoka Ireland ya Kaskazini, Micho kwa mara ya pili, kisha Paul Put kutoka Ubelgiji. Mashabiki wetu wamezoea kumjadili kocha mgeni sokoni, redioni na kwenye vijiwe vya bodaboda, na kila mmoja ana maoni kuhusu mshahara wake na nani wa kulaumiwa timu ikifungwa. Kinachosahaulika ni kwamba Ulaya ya kati ilikuwa ikipokea na kutoa makocha wa namna hiyo tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na kwamba mji wa Prague ulikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya mwendo huo.

Kwanza nieleze huduma yenyewe. Masomo hufanyika Jumamosi jioni katika ukumbi mdogo ulio nyuma ya mgahawa, kwa shilingi 20,000 kila somo, na katika ada hiyo mnapata chai ya maziwa, chapati na kurasa nne zilizochapishwa. Mwalimu ni mzee aliyestaafu kufundisha michezo shuleni, mtu wa sauti ya chini na kumbukumbu kali, ambaye hasomi karatasini. Lugha ni Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, jambo lisilo la kawaida Kampala, lakini hapo lina sababu yake: kwenye benchi moja hukaa kocha wa timu ya mtaa kutoka Kisenyi, afande anayefundisha vijana wa kambi yake, na Mkongomani aliyefika akitokea Bukavu, na Kiswahili ndicho kinachowafikia wote bila mtu kujiona mgeni. Viti ni vya plastiki na feni ni moja tu. Anayetaka starehe hataipata hapo, ila anayetaka kujifunza atasikia vizuri hata akikaa nyuma.

Mwalimu hakuanza na Sobotka mwenyewe. Alianza na John Madden, Mskoti wa Dumbarton aliyewahi kuichezea Celtic, ambaye mwaka 1905 alikwenda Prague kuifundisha Slavia akaendelea na kazi hiyo hadi mwaka 1930, na hata baada ya kustaafu hakurudi kwao, bali aliishi Prague hadi alipofariki mwaka 1948. Mwanzo huo ulikuwa na hekima, kwa sababu ulituonyesha kwamba Slavia, klabu iliyomkuza Sobotka, ilikuwa imejengwa na kocha mgeni aliyepewa miaka 25. Mtu aliyelelewa katika nyumba ya namna hiyo hawezi kuuona ukocha wa ugenini kuwa kazi ya kupita njia. Mwalimu alilisema hilo kwa sentensi moja akaliacha, nami nilitamani alirudie baadaye alipofika Uswisi, maana ndiko lilikozaa matunda.

Sobotka alizaliwa mwaka 1911, akawa mshambuliaji wa kati wa Slavia na wa timu ya taifa ya Chekoslovakia iliyofika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1934 nchini Italia. Hapa Mwalimu alisogeza vikombe vya chai pembeni, akamwaga vizibo vya soda juu ya meza, vyekundu na vya rangi ya chungwa, akapanga kikosi kizima jinsi kilivyochezwa siku zile: mabeki wawili, viungo watatu, washambuliaji watano. Kila kizibo alikitaja jina alipokuwa akikiweka. Kipa František Plánička. Ženíšek na Čtyřoký nyuma. Košťálek, Čambal na Krčil katikati. Kisha mbele, kutoka kulia kwenda kushoto, Junek, Svoboda, Sobotka, Nejedlý na Puč. Kizibo cha Sobotka alikirudisha nyuma kidogo akakisukuma tena mbele, ili tuone kazi ya mshambuliaji wa kati pale ambapo mfungaji mkuu si yeye bali ni mwenzake wa pembeni yake, kwa kuwa Oldřich Nejedlý ndiye aliyemaliza mashindano yale akiwa mfungaji bora kwa mabao matano.

Jambo lililonifurahisha zaidi katika sehemu hiyo lilikuwa robo fainali. Chekoslovakia ilikutana na Uswisi mjini Turin, ikashinda 3-2, na mmoja wa wafungaji siku hiyo alikuwa Sobotka. Nchi aliyoisaidia kuitoa mashindanoni ndiyo iliyokuja kumpa kazi miaka 12 baadaye, ikambadilisha jina akawa Georges, na mwaka 1964 ikamkabidhi kwa muda mfupi timu yake ya taifa. Mwalimu alilieleza jambo hilo bila kuliremba, nasi tulicheka kwa furaha, kwa sababu kila mmoja wetu anamfahamu mchezaji aliyeifunga timu fulani Jumapili na viongozi wa timu hiyo hiyo wakamfuata nyumbani Jumatatu.

Nusu fainali Wajerumani walifungwa 3-1. Fainali ilichezwa Roma tarehe 10 Juni 1934 dhidi ya wenyeji Italia. Puč alitangulia kufunga zikiwa zimebaki chini ya dakika 20, Raimundo Orsi akasawazisha karibu na mwisho, na Angelo Schiavio akafunga la ushindi katika muda wa nyongeza. Yote hayo yalisimuliwa vizuri sana, lakini yalikula nusu nzima ya somo, na hili ndilo lawama langu kubwa kwa kozi. Fainali ya 1934 imekwisha kusimuliwa mara nyingi, na mtu anaweza kuipata popote. Kazi ya Sobotka akiwa kocha haisimuliwi mara nyingi, na ndiyo tuliyoilipia.

Vita vya pili vya dunia vilimaliza miaka yake bora ya uchezaji. Mwaka 1946 aliondoka Prague akaenda La Chaux-de-Fonds, mji wa viwanda vya saa katika milima ya Jura, karibu na mpaka wa Ufaransa, akiwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Mwalimu alitukumbusha kwamba mji huo uko mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari, yaani chini kuliko Kampala, lakini majira ya baridi huufunika kwa theluji na uwanja wa Charrière huwa haufai kuchezewa. Haukuwa mji mkubwa wala wa kitajiri kama Zurich au Geneva, ambako klabu za Grasshopper na Servette zilikuwa zimezoea kugawana mataji. Soka la Uswisi wakati huo halikuwa la kulipwa kikamilifu, na wachezaji wengi walikuwa na ajira nyingine. Kwa sisi tunaofundisha vijana wanaoendesha bodaboda asubuhi na kufika mazoezini saa kumi jioni, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa zaidi.

Yaliyofuata ni ya kustaajabisha. Chini ya Sobotka klabu hiyo ilitwaa Kombe la Uswisi mwaka 1948, tena mwaka 1951, kisha ikachukua ligi na kombe kwa pamoja mwaka 1954, ikarudia kuchukua yote mawili mwaka 1955, na mwaka 1957 ikaongeza kombe jingine. Hayo ni makombe matano na ubingwa wa ligi mara mbili, katika mji wa mafundi saa. Wachezaji wake kama Charles Antenen na Willy Kernen waliitwa kwenye timu ya taifa ya Uswisi, wakacheza Kombe la Dunia la mwaka 1950 na la 1954, lile ambalo Uswisi ilikuwa mwenyeji na ikatolewa na Austria kwa mabao 7-5 mjini Lausanne. Timu ya taifa mwaka huo wa 1954 ilifundishwa na Karl Rappan, Mwaustria aliyeipa nchi hiyo mfumo maarufu wa komeo, ambapo beki mmoja hubaki nyuma ya wenzake kuziba mianya. Kwa hiyo katika nchi moja ndogo walikuwapo makocha wawili wa kutoka nje, mmoja akijulikana kwa kufunga mlango na mwingine aliyelelewa na soka la pasi fupi la Prague.

Mwalimu alilifikia jambo hilo akalipita haraka mno. Nilitarajia vizibo vya soda virudi mezani, atuonyeshe timu iliyochukua ligi na kombe mara mbili mfululizo ilivyokuwa ikijipanga mbele ya komeo la Rappan, kwa kuwa swali la kila kocha aliyekuwamo ukumbini lilikuwa hilo. Badala yake tulisomewa orodha ya makombe. Orodha ni ya kweli na ina faida, lakini kocha haendi nyumbani na orodha. Huenda na mazoezi ya kujaribu Jumanne. Kama kozi hii itarekebisha jambo moja tu, naomba liwe hili.

Mazungumzo yaliyotokea wakati wa maswali yalifidia upungufu huo kwa kiasi kikubwa. Afande mmoja alisimama akauliza, "Mwalimu, shikamoo. Huyu mzee viongozi wa klabu walimvumiliaje miaka yote hiyo? Kwetu angefukuzwa baada ya mechi nne." Mwalimu akaitikia salamu, akamjibu taratibu, "Marahaba, afande. Angalia alivyoanza. Hakusimama nje ya mstari akipiga kelele. Aliingia uwanjani nao, akafungwa nao, akaoga nao maji ya baridi. Viongozi walipotaka kumlaumu ilibidi wawalaumu wachezaji wote kwa pamoja." Kisha akaongeza kwamba kombe la kwanza lilikuja baada ya misimu miwili, na kwamba kati ya kombe la 1951 na ubingwa wa 1954 kulikuwa na miaka ambayo mtu asiye na subira angesema kocha ameishiwa.

Ninakubaliana na Mwalimu katika hilo, na ningeliongezea mfano wa hapa kwetu, ambao kozi haikuugusa. Micho hakuanza na Cranes. Alifika Kampala mwaka 2001 kuifundisha SC Villa, akawajua wachezaji wa Uganda kwenye viwanja vyao, akajifunza namna wanavyofikiri wakiwa wamechoka, na baada ya kuzunguka nchi nyingine za Afrika akarudi mwaka 2013 kuchukua timu ya taifa. Tarehe 4 Septemba 2016, pale uwanja wa Namboole, bao la Farouk Miya dhidi ya Comoro lilitupeleka Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1978, mwaka ambao vijana wa Peter Okee, Mganda mwenzetu, walifika fainali wakafungwa 2-0 na Ghana. Kocha msafiri aliyetuletea furaha ile alikuwa amekwisha kuishi nasi kabla hatujamkabidhi bendera. Sobotka na Micho wametenganishwa na zaidi ya nusu karne, lakini njia yao ya kuingia katika nchi ya watu inafanana, na somo hili lingekuwa na nguvu maradufu kama lingeziweka safari hizo mbili pamoja mezani.

Sehemu ya mwisho ilihusu safari za baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Sobotka alikwenda Uholanzi kuifundisha Feyenoord ya Rotterdam, kisha akarudi Uswisi na mwaka 1961 akachukua Basel. Mwaka 1963 Basel iliifunga Grasshopper 2-0 katika fainali ya Kombe la Uswisi kwenye uwanja wa Wankdorf mjini Bern. Ninampongeza Mwalimu kwa kutoishia hapo, kwa sababu wengi wetu tukisimulia habari za mtu tunayempenda huficha siku zake mbaya. Kombe hilo liliipeleka Basel kwenye Kombe la Washindi la Ulaya, ikakutana na Celtic, ikafungwa 5-1 nyumbani na 5-0 ugenini. Ukumbi ulinyamaza kusikia jumla ya mabao kumi. Mwalimu alituacha tutafakari kidogo, kisha akatueleza kwamba Sobotka aliendelea na kazi pale Basel hadi mwaka 1965, na aliyempokea, Mjerumani Helmut Benthaus, naye alianza akiwa mchezaji na kocha kwa pamoja, akakaa hadi mwaka 1982 na kutwaa ubingwa wa ligi mara saba. Klabu iliyofungwa mabao kumi na Celtic haikuvunja benchi la ufundi usiku uleule. Kwa maoni yangu, dakika kumi za maelezo hayo zilitosha kuhalalisha ada yote.

Kuhusu kurasa zilizochapishwa, zina faida lakini zinahitaji jicho la mhariri. Ubingwa wa kwanza wa La Chaux-de-Fonds umeandikwa kuwa wa 1955 badala ya 1954, na majina ya wachezaji wa Prague yamepoteza alama zake zote, kiasi kwamba mtu akitaka kumtafuta Čtyřoký au Plánička mwenyewe atapata taabu. Kosa la mwaka nililitaja wakati wa chai, na Mwalimu alichukua kalamu papo hapo akasahihisha nakala zilizobaki, moja baada ya nyingine, huku akinishukuru. Ramani pia ingesaidia sana. Ukitaja Prague, Turin, Roma, La Chaux-de-Fonds, Rotterdam na Basel mbele ya watu ambao wengi wao hawajafika huko, wanahitaji kuona miji hiyo imekaaje, na hasa ilivyo karibu karibu, kwa sababu ukaribu huo ndio uliowawezesha makocha wa zama zile kuhama kwa treni na kuendelea kupata habari za kazi kutoka kwa wenzao.

Ningemshauri kila kocha wa vijana hapa Kampala aende, hata asiyependa historia, na ningewashauri zaidi viongozi wa klabu, ambao sikumwona hata mmoja. Wao ndio wanaosaini mikataba ya miezi sita na kuivunja ndani ya mitatu. Mchezaji anayekaribia kustaafu pia atafaidika, maana ataona jinsi mtu anavyoweza kuanza kufundisha akiwa bado na viatu vya kuchezea miguuni. Anayetafuta mbinu za uwanjani pekee asubiri hadi kozi itakapoziongeza.

Somo linalofuata litamhusu Čestmír Vycpálek, mwanasoka mwingine wa Slavia aliyeondoka Prague mwaka huohuo wa 1946, akaichezea Juventus, Palermo na Parma, kisha akarudi Juventus kama kocha na kuipa ubingwa wa Italia mwaka 1972 na 1973, katika kipindi ambacho mwanawe alifariki kwenye ajali ya ndege karibu na Palermo tarehe 5 Mei 1972. Nimemwomba Mwalimu asitumie nusu ya muda kwenye fainali ya Ulaya ambayo Juventus ilifungwa na Ajax, naye ameahidi kwamba safari hii vizibo vya soda vitatumika kwa timu alizozifundisha. Ukumbi hauzidi watu 30, kwa hiyo anayetaka nafasi alipe pale kaunta ya mgahawa kabla ya Ijumaa.